Tairi Lina Mkono Mmoja

Oiva alipoteremka kwenye basi la saa sita mchana, Helka alimtazama miguuni kabla ya usoni, akataka kucheka na akataka kulia. Mwanamume wa miaka ishirini na tisa kaja kuongea na baba mtu, Februari hii, ziwa limeganda nusu mita kwenda chini, na miguuni kavaa raba nyeupe za mjini.

"Oiva jamani. Ndiyo viatu hivyo?"

"Ulisema nije nimependeza."

"Nilisema upendeze, sikusema ugande."

Alicheka, na Helka akasahau raba. Alikuwa amependa sauti ile miaka miwili kabla ya kuuona uso wenyewe. Jioni za baridi, ng'ombe wakishakamuliwa, alikuwa akipanda chumba cha juu, anakaa kwenye kiti chake cha mchezo wa mbio za magari mbele ya skrini, usukani mkononi, pedali miguuni, na ile sauti inamfundisha masikioni kutoka mji wa Tampere. Pumua, Helka. Legeza mkono. Usigombane na tairi, lisikilize. Msichana akifundishwa kwa sauti ya namna hiyo majira mawili mfululizo, afanyeje? Moyo ulikwenda wenyewe.

"Baba yako leo yukoje?" Oiva aliuliza wakishika njia ya nyumbani.

"Kimya."

"Kimya kizuri au kibaya?"

"Kwa baba kipo kimoja tu." Helka alimshika mkono. "Jumatatu tunakwenda mjini kwa mwanasheria. Ama anatia saini shamba linakuwa langu, ama anauza ng'ombe wote arobaini na wawili. Amesema ukihamia wewe nyumba ile, hatii saini."

Oiva alisimama. "Hukuniambia hilo."

"Ningekuambia usingekuja."

"Ningekuja. Ila ningekuja na viatu vingine."

Njia ilipita mlangoni mwa banda, na mama yake Helka, Kyllikki, alikuwa pale pale akimngojea mgeni. Alimkumbatia kijana, akapokea pakiti ya kahawa aliyoletewa, kisha akamkabidhi mifuko miwili ya plastiki ya bluu afunge juu ya raba, maana alitaka kumwonyesha ndama wa juzi. Ndiyo sheria ya banda lile. Ubaoni zilining'inia jozi tatu za buti za mpira: kubwa za baba, za mama zenye kiraka, na za kijani za Helka. Wenye nyumba wana buti, mgeni ana mifuko, asije akaleta ugonjwa kutoka huko atokako. Hata mchungaji wa kanisa alipokuja kubariki banda jipya alifungwa mifuko. Oiva alikuwa amefika mara nne, na mara nne zote alizunguka mle ndani akilia chakarachakara.

Mezani, Tauno, baba yake Helka, alimngoja akiwa kavaa shati safi. Mzee wa miaka sitini na minne, mabega bado ya mtu wa kazi, macho madogo ya samawati yasiyokuwa na haraka ya kumwacha mtu.

"Kumbe umekuja," alisema.

"Nimekuja, mzee."

"Leseni ya kuendesha umeshapata?"

"Bado, mzee. Mjini nina tramu."

"Bado." Tauno alikoroga kahawa isiyokuwa na sukari. "Na kazi yako ni kufundisha watu kuendesha magari ya mbio."

"Kwenye kompyuta. Nina wanafunzi sitini."

"Wamekaa vitini."

"Ndiyo, wamekaa vitini."

"Hata kwenye gari mtu hukaa kitini, Tauno," mama Kyllikki aliingilia, akimsogezea mgeni mkate mtamu wa iliki. "Kula, mwanangu. Usimsikilize."

"Asinisikilize kwa nini? Namfundisha." Tauno aliweka kikombe chini, na Helka akajua kisa gani kinakuja, kwa sababu kisa hicho baba yake alikuwa amekisimulia tangu Novemba kwa jirani, kwa dereva wa lori la maziwa, na kwa kila aliyekubali kusimama. "Nikwambie, kijana, kuendesha ni nini. Novemba tunarudi na binti yangu kwenye gari letu kuukuu la mizigo. Yeye yuko kwenye usukani. Barabara imefunikwa barafu nyeusi. Kwenye kona, kulungu huyo, mkubwa kuliko ng'ombe wangu yeyote, kasimama katikati. Mimi nikafumba macho. Ndiyo, nimefumba, sioni haya. Nilipofumbua, tumempita. Gari halina mkwaruzo. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu msichana huyu nilimfundisha mimi, juu ya barafu, tangu ana miaka tisa. Si kitini."

Helka alimtupia jicho Oiva. Oiva aliinamisha uso kwenye kahawa yake, akasema taratibu, "Ulimfundisha vizuri sana, mzee."

Jioni ile ya Novemba Helka alikuwa amempigia simu Oiva, akamwambia yote. Mguu wake ulikuwa umegandamiza breki, usukani umekatwa hadi mwisho, na gari linakwenda moja kwa moja kumfuata yule mnyama. Kisha likamjia somo la chumba cha juu. Tairi lina mkono mmoja, Helka. Likiutumia wote kwenye breki, halina wa kushikia kona. Achia breki kwanza, ndipo ukate. Akaachia, akarudisha usukani kidogo, na tairi likauma barafu. Baba alikuwa na furaha mno kwa kudhani ni kazi yake, na Helka hakuwa na roho ya kumnyang'anya. Oiva alilijua hilo. Alikuwa na neno moja ambalo lingemfunga mzee mdomo, akalimeza pamoja na kahawa.

"Twende ziwani," Tauno alisema akiinuka.

"Mgeni hajamaliza kahawa," mama alilalamika.

"Atakunywa akirudi. Kijana, mizunguko mitatu kwenye njia yangu. Usiguse theluji ya ukingo. Ukiweza, Jumatatu natia saini na sisemi neno. Ukishindwa, basi la saa kumi na moja lipo, na hatusumbuani tena."

"Baba, mimi si ng'ombe wa mnadani," Helka alisema.

"Ng'ombe ningejua ataishia wapi."

"Sawa, mzee," Oiva alijibu, kabla ugomvi haujawaka. Akamwangalia Helka. "Ukitaka cha mvunguni sharti uiname."

Kila majira ya baridi Tauno aliisukuma theluji kwa trekta juu ya ziwa hadi itokee njia ya kona tisa, kuta nyeupe za kimo cha magoti kila upande. Gari la kuendeshea huko lilikuwa jekundu, la zamani, tairi zake za baridi misumari ya kuuma barafu imeng'oka karibu yote. Mama Kyllikki alikuja mbio na mto wa manyoya ya kondoo, akautandika kwenye kiti cha dereva. "Asiumwe na baridi, maskini."

Oiva aliingia. Helka alisimama ufukweni kando ya baba yake, mikono mifukoni, roho juu juu.

Kona ya kwanza alipita. Kwenye ya pili pua ya gari ilianza kuteleza nje, polepole, kama mtu aliyeitwa upande mwingine. Usukani Oiva aliukata hadi mwisho. Gari halikujali. Likakwenda zake hadi likajizamisha kwenye theluji, likazimika, na ziwa zima likanyamaza.

"Mwenda pole hajikwai," Tauno alisema. "Huyu kaenda pole na bado kajikwaa." Hakusema kwa ukatili. Alikwenda kuwasha trekta, na Helka akakimbia juu ya barafu.

Oiva alikuwa ameketi vile vile, mikono juu ya usukani, uso umemsawajika.

"Sikusikia kitu, Helka. Nyumbani usukani wangu huniambia kila kitu. Tairi likichoka nalisikia viganjani, likitaka kuachia linatetemeka. Huu wa hapa ni uji mtupu. Nilikuwa nangoja usukani uniambie, nikajikuta humu."

"Ndiyo, kwa sababu..."

"Kwa sababu baba yako anasema kweli. Nafundisha watu sitini kitu nisichokijua." Alifungua mlango, akatia raba yake nyeupe kwenye theluji. "Nitachukua basi. Wewe chukua shamba. Sitaki siku moja uangalie banda tupu uone uso wangu."

"Nani amekuuliza?"

"Helka..."

"Hapana, nijibu. Baba ananigawa, wewe unanigawa, na mimi nimesimama hapa. Nawataka nyote wawili, unasikia? Wewe na ng'ombe. Nimechoka kuambiwa nichague." Sauti ilikatika, akaifuta pua kwa glavu. "Mbona hukumwambia habari ya Novemba?"

"Angejisikiaje?"

"Angejisikia vibaya."

"Basi."

Helka alimtazama, na kama si trekta iliyokuwa imeshawakaribia angembusu pale pale mbele ya baba yake. Alichofanya ni kumvuta mkono amtoe garini, akaingiza mkono kitini, akaung'oa ule mto wa manyoya na kuutupa nyuma.

"Unafanya nini?"

"Mama kakuziba masikio. Nyumbani kiti chako hakisogei, ndiyo maana unasikiliza kwa viganja. Gari hili linasemea makalioni, mpenzi. Mkia ukianza kuondoka, makalio yanajua kabla ya mikono. Na wewe umeyafunga na kondoo."

Oiva alicheka bila kutaka. Tauno alikuwa akifunga kamba.

"Baba, anarudia," Helka alisema.

"Tulikubaliana mara moja."

"Mimi ulinipa mara ngapi kabla sijaacha kuzama?"

Mzee alifikiri, maana uongo hakuuzoea. "Kumi na saba."

"Basi naye anarudia, na mimi nakaa kando yake."

"Nami nakaa nyuma," Tauno alisema. "Nataka kuona miguu yake." Gari lilipokwisha kuvutwa, akajipenyeza kiti cha nyuma, akaukalia mto wa kondoo.

Safari hii aliyesema alikuwa Helka, na maneno yote yalikuwa ya Oiva mwenyewe. "Pumua. Legeza mkono. Usitazame ukingo, tazama unakotaka kwenda. Breki sasa, gari likiwa limenyooka. Basi, anza kuachia. Achia zaidi. Sasa kata, kidogo."

Gari lilikata.

"Umelisikia?"

"Nimelisikia." Oiva alikuwa kama mtoto aliyeonja asali. "Limekaa upande wa kulia, halafu likauma. Kumbe linauma hivi."

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kobe. Wa pili aliongeza moto kidogo, na katika kona mbili mkia ulimponyoka akaurudisha kabla Helka hajafungua mdomo. Wa tatu Helka alinyamaza kabisa. Alimwangalia tu ubavuni: taya lililotulia, jasho kwenye paji la uso katikati ya baridi ya digrii kumi na tano. Akamtamani mtu huyu kwa miaka yote iliyobaki.

Ilikuwa kona ya tisa, ile ya matete, ndiyo iliyotaka kuwaumbua. Jua lilikuwa limesugua barafu mchana kutwa ikawa kioo. Oiva alifunga breki, na pua ikakataa. Ukuta mweupe ukaja. Helka aliona mguu wake ukigandamiza, mikono ikikata zaidi, kosa lile lile. Akauma ulimi asiseme. Kisha mguu ukainuka. Mikono ikarudi nyuma kidogo, mahali ambapo kila mwenye akili timamu angezidi kukata. Kwa muda wa pumzi moja gari lilikuwa halina mwenyewe. Halafu tairi za mbele zikashika, pua ikageuka, mkia ukazunguka nyuma yake na kunyoa unga wa theluji kutoka ukingoni, na wakatoka kwenye kona.

Oiva alisimamisha gari ufukweni, akazima injini.

"Theluji umeigusa," Tauno alisema kutoka nyuma.

"Nimeigusa, mzee."

"Kona ya mwisho kabisa."

"Ndiyo. Nimeiona kwenye kioo."

Helka aligeuka ili apigane, akaukuta uso wa baba yake umebadilika. Mzee alikuwa akiitazama pedali ya breki.

"Mimi nilikufundisha kuvuta handbreki, Helka," alisema. "Pua ikikataa, vuta handbreki, mkia uje. Ndivyo baba yangu alivyonifundisha, na ndivyo nilivyokufundisha. Siku ile ya kulungu hukuigusa handbreki. Nilikuwa nimefumba macho, lakini mkono wako ungenipiga goti, gari lile nafasi ni finyu. Nimelala na jambo hilo tangu Novemba. Nikawa nasimulia kwa nguvu ili nisilifikirie." Akameza mate. "Ulifanya hivi alivyofanya yeye sasa."

"Ndiyo, baba."

"Nani kakufundisha?"

Helka alimtazama Oiva. Oiva naye alikuwa ameinamia usukani.

"Na wewe ulijua," Tauno alimwambia kisogo chake. "Umekaa mezani kwangu, nakusema, na ulijua."

"Wewe ndiye uliyemfundisha asiogope barafu, mzee," Oiva alisema. "Mimi sikuweza kumfundisha hilo. Mimi mwenyewe naiogopa."

Tauno alifungua mlango, akashusha mguu mmoja, akatulia hivyo, nusu ndani nusu nje.

"Nitakwambia ninachoogopa mimi. Mtu wa mjini huja hapa Juni, ziwa linang'aa, anasema hapa ni peponi. Ikifika Januari ya pili anafunga begi. Nimeona kwa jirani yangu. Sikutaka kumwachia binti yangu ng'ombe arobaini na wawili na machozi." Alishuka, akaufunga mlango taratibu, akaenda zake kuelekea bandani bila kugeuka.

Walibaki wawili. Vioo vilianza kuingia ukungu wa pumzi zao.

"Amesema nini hasa?" Oiva aliuliza. "Nipande basi au nisipande?"

"Sijui. Miaka ishirini na minane namjua mtu huyu, na sijui."

"Nimeigusa theluji, Helka. Ahadi ni ahadi." Aliuchukua mkono wake, akaivua glavu, akabusu kiganja kilichokauka kwa maziwa na sabuni. "Nikipanda leo, nitarudi wiki ijayo. Na ile ya baadaye. Nitarudi mpaka zifike kumi na saba."

Helka alimlalia begani, akalia kidogo, akamwambia nywele zake zinanuka petroli, na kwamba hajawahi kunusa kitu kitamu kama hicho.

Saa kumi na dakika hamsini walipanda ukingo kuelekea barabarani, polepole kuliko walivyohitaji. Raba za Oiva zilikuwa zimelowa hadi vifundoni. Ng'ombe walikuwa wameshaanza kulia, saa yao imefika. Taa za basi zilionekana mbali, nyuma ya misonobari. Mlangoni mwa banda Tauno alikuwa amechuchumaa, akipekua kabati la zamani, vumbi kichwani.

"Kijana," aliita bila kuinua uso. "Miguu yako namba ngapi?"

"Samahani, mzee?"

"Miguu. Namba ngapi?"

"Arobaini na tatu."

Mzee alitoa jozi ya buti nyeusi za mpira, akazigonga moja kwa nyingine, buibui mmoja akaanguka na kukimbia. "Hizi ni arobaini na tano, za kwangu za zamani. Vaa soksi mbili. Jumatatu tutapita dukani, tukishatoka kutia saini."

Helka aliutafuta ukuta kwa mkono, akauegemea. Oiva alisimama amezishika zile buti kifuani.

"Usisimame hivyo," Tauno alisema, naye sauti yake haikuwa imetulia sana. "Mansikki, ng'ombe wa kwanza, ana mateke, anza kukamua wa pili. Na usiku, ukishakula, utanipeleka huko juu kwenye hicho kiti chenu. Nataka kujua inakuwaje mtu asikilize tairi kwa viganja."

Nje, basi lilipunguza mwendo kituoni, likakuta hakuna mtu, likaendelea. Mama Kyllikki, aliyekuwa ameshashika mifuko miwili ya bluu tayari, aliirudisha kwenye boksi lake.